Hannah Höch (1889–1978): Nafsi na Mwili katika Sanaa ya Chapa na Kolaji

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza maisha ya Hannah Höch, msanii wa Kijerumani aliyezaliwa mwaka 1889 na kufariki mwaka 1978, kwa kuzingatia namna alivyoutumia mwili wa binadamu, na hasa mwili wa mwanamke, kuiuliza nafsi yake maswali. Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kumtenga mtunzi na nafsineni ya shairi. Wanajua kuwa yule asemaye 'mimi' katika ubeti si lazima awe ndiye aliyeshika kalamu. Katika sanaa za kuona suala hilo huwa gumu zaidi, kwani msanii wa kolaji hukata picha zilizopigwa na watu wengine, zikachapwa na kampuni nyingine kwa ajili ya wanunuzi asiowajua, kisha akazibandika upya. Nafsi yake iko wapi katika kazi ya namna hiyo?

Kabla ya kuendelea ni vyema tukubaliane juu ya istilahi. Kwa neno 'chapa' tunakusudia picha itokanayo na kubonyeza karatasi juu ya bamba la mbao, linoliamu, jiwe au madini lililotiwa wino. 'Kolaji' ni kazi iliyotungwa kwa kubandika vipande vya karatasi, nguo au vitu vinginevyo juu ya uso mmoja. 'Fotomontaji' ni aina ya kolaji ambayo vipande vyake vikuu ni picha za kamera, aghalabu zile zilizokwisha kuchapwa magazetini. Tutaona kwamba kwa Höch mipaka baina ya sanaa hizi tatu ilikuwa myembamba mno.

2.0 Gotha

Höch alizaliwa tarehe 1 Novemba 1889 katika mji wa Gotha, jimbo la Thuringia. Mwezi mmoja na nusu baadaye, tarehe 15 Desemba, Abushiri bin Salim alinyongwa huko Pangani kwa amri ya Wajerumani. Tunayataja matukio haya mawili pamoja ili kumkumbusha msomaji kwamba utoto wa msanii huyu na utawala wa Kijerumani katika pwani yetu vilianza wakati mmoja. Hatudai zaidi ya hapo. Ila Gotha yenyewe haikuwa mbali na Afrika ya Mashariki kama mtu anavyoweza kudhani. Mjini humo ndimo ilimokuwa kampuni ya Justus Perthes, wachapaji mashuhuri wa ramani, na ndimo mlimotoka jarida la jiografia la August Petermann ambalo mwaka 1856 lilichapisha ramani ya wamisionari Rebmann na Erhardt. Ramani hiyo, iliyotungwa kwa kuunganisha masimulizi ya wasafiri wa misafara waliohojiwa pwani, ilionyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya bara, mahali ambapo leo tunajua kuna maziwa kadhaa. Nayo, kwa hakika, ilikuwa kolaji ya aina yake.

Baba yake alikuwa mwajiriwa wa cheo katika kampuni ya bima. Mama yake alipenda kuchora, lakini kwa kujifurahisha tu. Hannah alikuwa kifungua mimba wa watoto watano. Mwaka 1904 alipozaliwa mdogo wao wa mwisho, binti huyu wa miaka 15 aliondolewa shule ili amlee mtoto. Baba aliamini kuwa msichana ni wa kuolewa na kwamba sanaa haimhusu. Hivyo ikapita miaka minane ya kazi za nyumbani kabla hajaruhusiwa kwenda Berlin mwaka 1912, tena kwa sharti lisilotamkwa kwamba asomee jambo lenye manufaa. Alijiunga na shule ya sanaa za ufundi ya Charlottenburg, akasomea usanifu wa vioo.

3.0 Chapa, sindano na mkasi

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914 shule ilifungwa. Höch alirudi kwao akahudumu kwa muda katika Msalaba Mwekundu, na mwaka 1915 akarejea Berlin kujiunga na darasa la Emil Orlik. Mwalimu huyu alikuwa amesafiri hadi Japani mwanzoni mwa karne kujifunza ufundi wa chapa za mbao. Chini yake Höch alitengeneza chapa za mbao na za linoliamu. Somo la chapa, tunavyoona sisi, lilimfundisha mambo mawili ambayo hakuyaacha tena. Kwanza, kwamba umbo hupatikana kwa kuondoa: kisu hutoa kile kisichotakiwa, na kinachobaki ndicho kinachosema. Pili, kwamba picha ya chapa haina asili moja iliyo takatifu. Kila nakala ni sawa na nyingine, na kwa hiyo kuikata moja si kufuru.

Mwaka 1916 alipata kazi katika kampuni ya uchapishaji ya Ullstein. Kwa muda wa miaka kumi, siku tatu kwa juma, alibuni vielelezo vya kufuma, kudarizi na kushona kwa ajili ya magazeti ya wanawake. Wahakiki wengi wa zamani waliipita kazi hii kama riziki tu. Hilo ni kosa. Mwaka 1918 Höch aliandika katika jarida la wadarizi akiwataka wanawake wa wakati wake waipe heshima sindano kama chombo cha sanaa ya kisasa, na baadhi ya kolaji zake za mwanzo wa miaka ya 1920 zimetengenezwa kwa karatasi za vielelezo vya ushonaji na darizi. Kielelezo cha mshonaji ni mwili uliotandazwa: bega, kifua, kiuno na nyonga vimekwisha kugawanywa vipande kabla nguo haijavaliwa. Mtu aliyeketi na karatasi hizo kwa miaka kumi hahitaji kufundishwa na falsafa yoyote kwamba mwili unaweza kukatwa na kuunganishwa upya. Isitoshe, Ullstein ndio waliochapa Berliner Illustrirte Zeitung, gazeti la picha lililouza nakala zaidi ya milioni moja. Malighafi ya fotomontaji ilikuwa mezani pake.

Mwaka 1915 huohuo alikuwa amekutana na Raoul Hausmann, msanii aliyekuwa na mke na binti. Uhusiano wao ulidumu hadi 1922, nao ulikuwa wa mateso. Hausmann alihubiri ukombozi wa mwanamke na kuvunjwa kwa ndoa ya kibepari, lakini hakumwacha mkewe, na alitaka Höch amzalie. Höch alitoa mimba mara mbili, mwaka 1916 na 1918, katika nchi ambayo sheria iliadhibu tendo hilo. Yafaa jambo hili litajwe waziwazi, kwa sababu vichwa vya watoto, vitumbo vya wajawazito na wanasesere vinajitokeza mara kwa mara katika kazi zake, na msomaji asiyelijua atadhani ni mapambo. Hata hivyo haifai tulifanye kuwa ufunguo wa kila picha. Mwaka 1920 hivi aliandika hadithi fupi juu ya mchoraji anayejiona mkubwa, ambaye ulimwengu wake unatikisika pale mkewe anapomwomba asaidie kuosha vyombo. Hadithi hiyo inachekesha. Aliyeiandika alikuwa na uchungu, lakini pia alikuwa na jicho la kejeli, na pasipo kejeli hiyo kazi zake hazisomeki.

4.0 Kichwa kilichobandikwa

Katika majira ya kiangazi ya mwaka 1918 wapenzi hawa walikwenda kupumzika Heidebrink, kijiji cha pwani ya Bahari ya Baltiki. Katika nyumba walimopanga, na katika nyumba nyingine nyingi za kijiji, waliona ukutani picha za ukumbusho wa utumishi jeshini. Zilikuwa litografia za rangi: askari amesimama mbele ya kambi, sare imenyooka, bunduki mkononi. Mwili huo ulikuwa mmoja kwa wote, umechapwa kwa wingi. Familia ilichofanya ni kukata kichwa cha mtoto wao kutoka katika picha ya kamera na kukibandika juu ya shingo ya askari. Höch na Hausmann walieleza baadaye kuwa hapo ndipo walipoipata fotomontaji. George Grosz na John Heartfield nao walidai kuwa walikwisha kuibuni miaka miwili kabla. Ugomvi wa nani alitangulia hautuhusu sana, maana mbinu yenyewe, kama picha hizo za kijijini zinavyothibitisha, ilikuwa mali ya watu wa kawaida kabla haijawa ya wasanii.

Linalotuhusu ni maana ya picha zile. Mama wa Heidebrink alipobandika kichwa cha mwanawe hakuona kwamba anakata. Aliona kwamba anaunganisha. Alikuwa akimpa mwanawe mwili wa heshima. Höch alitazama picha ileile akaona kinyume: kwamba dola ina mwili mmoja tu wa kuwapa vijana wote, na kwamba nafsi ya kila mmoja ni kijipande cha karatasi kilichowekwa juu yake kwa gundi. Kuanzia hapo kazi yake yote kubwa, kwa maoni yetu, ni jaribio la kuuonyesha ule mstari wa shingo ambapo karatasi mbili zinakutana. Wenzake, hasa Heartfield katika kazi zake za miaka ya 1930, walijitahidi kuuficha mstari huo ili picha idanganye kama kweli. Höch aliuacha uonekane.

Kazi iliyomtangaza ni fotomontaji kubwa ya mwaka 1919–1920, yenye kimo cha sentimita 114 na upana wa sentimita 90, ambayo leo imo katika Nationalgalerie ya Berlin. Jina lake refu, Schnitt mit dem Küchenmesser Dada durch die letzte Weimarer Bierbauchkulturepoche Deutschlands, linasema kuwa hii ni mkato wa kisu cha jikoni cha Dada katika enzi ya mwisho ya Ujerumani ya Weimar yenye utamaduni wa vitambi vya bia. Kisu ni cha jikoni. Msanii hakutumia jambia wala upanga. Juu upande wa kulia yumo Kaisari Wilhelm wa Pili, na masharubu yake yamefanywa kwa miili ya wapiganaji mieleka. Jenerali Hindenburg amepewa mwili wa mwanamke mcheza ngoma. Einstein yumo, Marx na Lenin wamo, magurudumu na mashine vimetapakaa. Katikati ya yote anazunguka Niddy Impekoven, mcheza dansi kijana, asiye na kichwa, na juu ya mwili wake kinaelea kichwa cha Käthe Kollwitz, mchapaji mkuu wa Ujerumani wa zama hizo. Kollwitz alikuwa amechora na kuchapa sura yake mwenyewe tangu ujana hadi uzeeni, uso mzito uliojaa majonzi. Höch amemtoa katika majonzi hayo akamchezesha. Ni heshima, na ni utani wa mdogo kwa mkubwa wake.

Naye Höch mwenyewe yuko wapi? Yuko pembeni kabisa, chini upande wa kulia, mahali ambapo wachoraji huweka sahihi. Hapo pamebandikwa ramani ndogo ya Ulaya inayoonyesha nchi ambazo wanawake wamepata haki ya kupiga kura, na kwenye ukingo wa ramani hiyo kuna picha ndogo ya kichwa chake. Wanawake wa Ujerumani walikuwa wamepata haki hiyo mwezi Novemba 1918 na kuitumia kwa mara ya kwanza Januari 1919. Binti wa mji wa wachapa-ramani amejitambulisha kwa ramani. Msomaji atazame udogo wa kichwa hicho: katika picha yenye makumi ya nyuso za watu mashuhuri, mwenye picha ni mdogo kuliko karibu wote, lakini ni yeye peke yake aliyejichagulia mahali.

Maonyesho ya Kwanza ya Kimataifa ya Dada yalifanyika Berlin kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Agosti 1920. Grosz na Heartfield hawakutaka Höch ashiriki. Aliingia baada ya Hausmann kutishia kutoa kazi zake. Miaka mingi baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1964, Hans Richter alimkumbuka binti mpole aliyewaandalia wenzake mikate, bia na kahawa licha ya uhaba wa fedha. Wanamapinduzi wale walipindua mambo mengi, ila meza ya chakula hawakuigusa.

5.0 Mwili wa jumba la makumbusho

Baada ya kuachana na Hausmann, Höch alishirikiana kwa karibu na Kurt Schwitters na Hans Arp. Mwaka 1926 alimfahamu mwandishi wa Kiholanzi Til Brugman, mwanamke mwenzake, wakaishi pamoja kama wapenzi kwa takriban miaka tisa, kwanza The Hague, kisha Berlin kuanzia 1929. Katika miaka hiyo mwili katika kazi zake uliacha kuwa wa kike au wa kiume kwa uhakika. Katika Dompteuse, yaani mfugaji-mwanamke wa wanyama wa sarakasi, kichwa cha mwanasesere wa dukani kimewekwa juu ya mikono minene yenye nywele ya mwanamume.

Kazi zinazotugusa sisi zaidi ni za mfululizo alioupa jina la Aus einem ethnographischen Museum, yaani kutoka katika jumba la makumbusho ya makabila. Aliuanza katikati ya miaka ya 1920 akauendeleza hadi miaka ya 1930. Una takriban kazi 20. Humo alikata picha za sanamu na vinyago vya Afrika, Asia, Oseania na Amerika kutoka katika magazeti kama Der Querschnitt, akaviunganisha na macho, midomo na miguu ya wanawake wa Kizungu. Katika Die Süße umbo la sanamu ya Kiafrika limetiwa jicho, midomo na miguu ya mrembo wa magazetini. Katika Entführung ya mwaka 1925, mmoja wa watu waliochongwa wakiwa juu ya mgongo wa mnyama amepewa kichwa cha mwanamke wa kisasa wa Berlin. Katika Indische Tänzerin ya mwaka 1930, uso wa mwigizaji Falconetti akiwa Jeanne d'Arc wa filamu ya Dreyer umefunikwa nusu na kinyago cha Kameruni, na taji lake limepambwa kwa maumbo ya visu na vijiko. Kwa Mutter ya mwaka huohuo alichukua picha ya mwanamke maskini mjamzito ambayo Heartfield alikuwa ameitumia kupinga vita, akamfunika uso kwa kinyago cha watu wa pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika.

Wataalamu wa Magharibi, hasa baada ya utafiti wa Maud Lavin uliotolewa mwaka 1993, wameusoma mfululizo huu kama ukosoaji wa namna mbili: unakosoa jumba la makumbusho linaloweka tamaduni za watu juu ya vibao, na unakosoa jamii ya Weimar iliyomweka mwanamke wake juu ya kibao hichohicho. Usomaji huu una nguvu. Maumbo mengi ya Höch yamesimama kweli juu ya vijukwaa vidogo, kama vitu vya maonyesho, nayo yanamrudishia mtazamaji macho makali. Kazi iitwayo Mischling ya mwaka 1924, inayoonyesha uso wa mwanamke mweusi uliobandikwa mdomo wa mwanamke mweupe, ilitoka wakati ambapo magazeti ya Ujerumani yalikuwa yakieneza chuki dhidi ya askari Waafrika wa jeshi la Ufaransa waliokuwa Rhineland, na dhidi ya watoto wao. Kuutazama uso huo kwa huruma, wakati huo, halikuwa jambo dogo.

Hata hivyo tuna neno la kuongeza. Jumba la makumbusho ya makabila la Berlin lilijazwa wakati wa ukoloni, na miongoni mwa vitu vyake vimo vile vilivyotwaliwa katika ardhi ya Tanzania ya leo wakati wa vita vya Maji Maji, 1905–1907. Sanamu zilizofika Ulaya kwa njia hizo zilikuwa zimekwisha kukatwa mara moja: zilitengwa na wachongaji wao ambao majina yao hayakuandikwa, na matumizi yao hayakuulizwa. Gazeti lilizikata mara ya pili kwa kamera. Mkasi wa Höch ni wa tatu. Katika kolaji zake swali la nafsi ni la mwanamke wa Kizungu; ndiye anayeulizwa yeye ni nani chini ya vipodozi. Sanamu ya Kiafrika haiulizwi kitu. Inatoa mwili ili mwingine ajitafute. Hatusemi haya kumhukumu msanii ambaye, kuliko wengi wa rika lake, alikataa kuupamba ugeni huo. Gundi yake inaonekana, na kila anayetazama anaona kwamba vipande hivi havikuzaliwa pamoja. Lakini kuonyesha jeraha na kumtaja aliyejeruhiwa ni mambo mawili tofauti, na la pili Höch hakulifanya.

6.0 Heiligensee

Mwaka 1932 maonyesho yake yaliyoandaliwa katika chuo cha Bauhaus, Dessau, yalifutwa kwa kuwa Wanazi walikuwa wamekifunga chuo hicho. Mwaka uliofuata walishika nchi nzima. Marafiki wengi walikimbilia uhamishoni; Höch alibaki. Mwaka 1937 kitabu cha Wolfgang Willrich kilimtaja miongoni mwa wachafuzi wa sanaa ya Kijerumani. Alikuwa ameachana na Brugman, na mwaka 1938 aliolewa na Kurt Matthies, mfanyabiashara aliyekuwa mdogo kuliko yeye kwa miaka 21. Talaka ilitoka mwaka 1944.

Mwaka 1939 alinunua nyumba ndogo huko Heiligensee, pembezoni mwa Berlin, ambayo zamani ilikuwa ya mlinzi wa uwanja mdogo wa ndege. Alichagua mahali ambapo hakuna aliyemjua. Alilima bustani, akala alichovuna, na nyumbani humo akaficha kazi zake pamoja na barua, matangazo na picha za Hausmann, Schwitters na wengineo. Kukutwa na vitu hivyo kungeweza kumwangamiza. Vita vilipokaribia kwisha, baadhi yake alivifukia bustanini. Sehemu kubwa ya hifadhi hiyo sasa imo katika Berlinische Galerie, na bila hiyo historia ya Dada ya Berlin isingeandikika kwa ukamilifu. Humo pia limo daftari alilobandika picha za magazeti zaidi ya 400: wacheza dansi, watoto, mimea, wanamichezo, watu wa mabara mengine. Hakukata sura zile vipande. Alizipanga tu zikae ubavu kwa ubavu, kama mshonaji apangavyo vitambaa kabla ya kuamua.

Baada ya vita alirudia kolaji, mara nyingi kwa rangi kali za magazeti mapya, na kwa maumbo yasiyotambulikana kwa urahisi kuwa mwili. Sifa zilimfikia polepole. Mwaka 1976, akiwa na miaka 86, kazi zake zilionyeshwa kwa pamoja Paris na Berlin.

Kabla ya hapo, mwaka 1972 na 1973, alitengeneza fotomontaji yake kubwa kuliko zote, Lebensbild, yaani picha ya maisha. Safari hii hakuchukua mwili wa mtu mwingine. Wapiga picha wawili, mume na mke, Liselotte na Armin Orgel-Köhne, walimpiga picha nyumbani na bustanini, naye akazikata na kuzichanganya na picha zake za utoto, za ujana akiwa na wanasesere wake wa Dada, za marafiki waliokufa, za kazi zake za zamani na za mimea aliyoipanda. Uso wake umo mara nyingi, katika umri mbalimbali, mkubwa na mdogo, wala hakuna mmoja uliotiwa katikati kuwa ndio wa kweli. Vipande vimeachiwa kingo zake. Höch alifariki Berlin tarehe 31 Mei 1978. Nyumba ya Heiligensee na bustani yake zipo hadi leo.